Ukitaka kutafiti usawa wa jamii, ukakae nyumba ipi?

Tulikuwa wanne chini ya mwembe, kijiji kimoja cha Singida, tukibishana juu ya neno moja: kaya. Mchumi alishikilia kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, kama dodoso linavyosema. Muuguzi akauliza: huyu mzee ana wake watatu, kila mmoja na jiko lake, na maji wanateka kwa zamu. Hiyo ni kaya moja au tatu? Mwanasheria alitaka kujua shamba limeandikwa kwa jina la nani. Mimi nilikuwa mdadisi tu, kazi yangu kubonyeza kishikwambi, na kishikwambi hakikuwa na mahali pa kuandika "inategemea". Tukajaza kaya moja. Kwa mbonyezo huo wanawake watatu wakawa mstari mmoja, na mkuu wa kaya akawa mzee ambaye hajabeba ndoo ya maji tangu aoe.

Ubishi wa namna hiyo ndio utafiti wa usawa wenyewe. Hauwezi kufanywa na taaluma moja, kwa sababu aliyeonewa haonewi kwa mafungu, leo kiuchumi, kesho kisheria, keshokutwa kiafya. Ila vijana wanaoniandikia hilo wanalijua tayari. Wamemaliza shahada ya umahiri, wana barua ya uhadhiri msaidizi mkononi, tangazo la mradi wa miaka mitatu kwenye simu, na shangazi anayeuliza kila Jumapili kama kazi imepatikana. Wanachotaka kujua ni waende wapi.

Kwa hapa kwetu nyumba ni nne: idara ya kawaida ya chuo kikuu, taasisi ya utafiti iliyo ndani ya chuo, shirika huru la utafiti, na utafiti raghbishi unaofanywa na asasi pamoja na wananchi. Nimefanya kazi katika tatu kati ya hizo, na ya nne nimeishi nayo ukuta kwa ukuta. Mifano mingi itatoka Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakokujua, na mingine Nairobi na Kampala.

Vigezo kwanza

Nitazipima zote kwa mambo matano. Swali ni la nani. Fedha zinatoka wapi na zinakupa muda gani. Watu wa taaluma nyingine unakutana nao wapi: mezani kila siku, au kwenye warsha mara mbili kwa mwaka. Jina lako linakua vipi. Na matokeo yakishapatikana, yanarudi kwa nani.

Ili tusipime hewa, nitabeba swali moja kutoka nyumba hadi nyumba: nani anapata maji, na kwa jasho la nani? Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 mwaka 1971, lengo likiwa kwamba ifikapo 1991 kila kaya ya kijijini iwe na maji safi ndani ya mita 400. Sera ya Maji ya 2002 ikabaki na mita hizo 400, ikaongeza lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250. Ni vipimo vizuri vya mhandisi. Havisemi nani anaamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni, wala nani anarudishwa akiwa hana sarafu ya ndoo.

Kitu kimoja hakitofautiani popote utakapokaa: mihuri. Kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, au cha chuo chako, barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ataisoma yote pole pole huku wewe umesimama. Ukigusa damu au taarifa za afya, ongeza kibali cha maadili. Iweke miezi hiyo kwenye hesabu zako mapema.

Idara

Hapa nitakuwa mfupi, maana wengi mnaijua. Swali ni lako kuliko mahali pengine popote. Hakuna anayekulazimisha kutafiti maji ukipenda kutafiti mirathi. Fedha ni kidogo, wakati mwingine hakuna, lakini mshahara upo na haukatiki mradi unapoisha. Muda unaliwa na kufundisha. Ukiwa na darasa la mamia na mitihani ya kusahihisha, utafiti unafanyika likizo.

Kasoro kubwa ni upweke wa taaluma. Peleka swali letu la maji idara ya sosholojia, litatoka likiwa swali la ndoa na madaraka. Lipeleke uchumi, litakuwa bei ya ndoo. Uhandisi watakuuliza pampu ni ya aina gani. Kila jibu ni sahihi na kila moja limeacha mtu nje.

Hata hivyo msiidharau idara. Kina cha taaluma moja kina faida zake, na wanasheria ni mashahidi wazuri. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, na mpwa wake akapinga kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza. Hukumu ilisema mila hiyo inabagua na inapingana na haki zilizo kwenye Katiba. Kuichambua hukumu kama hiyo mstari kwa mstari kunataka mtu aliyekaa na sheria miaka, si mtu aliyeonja taaluma tano. Swali la baadaye, kwamba ni wanawake wangapi wa kijijini wanaweza kumudu nauli ya kufika mahakamani, ndilo linalohitaji wenzake wa idara nyingine.

Jina linakua kwa njia inayoeleweka: makala yako, jarida la fani yako, kamati inayokujua. Matokeo yanarudi kwa wanafunzi. Kijijini hayafiki isipokuwa uyapeleke mwenyewe kwa nauli yako.

Inamfaa mwenye swali lake tayari, asiyependa kuandika andiko la mradi kila robo mwaka, na ambaye kufundisha hakumchoshi.

Taasisi ya utafiti ndani ya chuo

Nyumba hii ni ya zamani kuliko wengi tunavyodhani. Makerere ilikuwa na Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki tangu 1948, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, MISR. Nairobi ilipata Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1965. Mwaka huohuo Dar es Salaam ikaanzisha kitengo cha utafiti wa uchumi, na 1967 ikaja BRALUP, ofisi ya tathmini ya rasilimali na mipango ya ardhi, iliyogeuka mwaka 1983 kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, ambayo watu wanaiita IRA. Mwaka 1973 Dar nayo ikawa na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, yenye lile somo la DS, yaani taaluma za maendeleo, ambalo wengi wetu tulilisikilizia nyuma kabisa ya ukumbi.

Wazo lilikuwa jepesi kulisema. Nchi changa ina matatizo ambayo hayakugawanywa kwa idara, basi tuwe na mahali ambapo mtaalamu wa jiografia, mchumi na daktari wanagombana kila siku badala ya mara moja kwa mwaka.

*Swali.* Hapa linazaliwa katikati: nusu lako, nusu la taasisi. Mfano ninaoupenda ni wa maji yenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 Gilbert White, mtaalamu wa jiografia, pamoja na mkewe Anne White na David Bradley, daktari aliyekuwa Makerere, walizunguka maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania wakihesabu watu wanatumia maji kiasi gani, wanayatoa wapi, na kwa gharama ipi. Mwanajiografia peke yake angeishia kwenye umbali. Daktari peke yake angeishia kwenye vijidudu. Kwa kukaa pamoja wakatoka na mgawanyo wa magonjwa ya maji unaofundishwa mpaka leo: yanayotokana na kunywa maji machafu, yanayotokana na kukosa maji ya kutosha kunawa na kuoga, yanayotokana na viumbe waishio majini kama kichocho, na yanayoletwa na wadudu wanaozaliana karibu na maji. Kundi la pili ndilo lililobadilisha mjadala. Mtoto anaweza kuugua macho na kuhara si kwa sababu maji ni machafu bali kwa sababu ni machache, na machache ni kwa sababu anayeyabeba ni mama mmoja mwenye kichwa kimoja.

*Fedha na muda.* Mshahara ni wa chuo, gharama za utafiti ni za mradi. Kwa hiyo una paa juu ya kichwa, ila mafuta ya gari unayatafuta. Faida ambayo haionekani kwenye tangazo la kazi ni umri wa taasisi. Miaka 30 baada ya akina White, mwaka 1997, watafiti walirudi kwenye maeneo yaleyale, na safari hii upande wa Tanzania alikuwapo Mark Mujwahuzi wa IRA. Walikuta mambo ya kushangaza: waliokuwa na bomba nyumbani walikuwa wanatumia maji karibu nusu ya waliyotumia miaka ya 1960, kwa sababu bomba lipo lakini halitoi. Wasio na bomba walikuwa wanatumia karibu mara mbili ya zamani, lakini mijini muda wa kuyapata ulikuwa umepanda zaidi ya mara tatu. Hakuna mradi wa miaka mitatu unaoweza kukuonyesha hilo. Inatakiwa nyumba isiyohama, na mtu wa kukumbuka faili liko kabati gani.

*Wenzako.* Hapa ndipo taasisi inaposhinda, pale inapofanya kazi kama ilivyokusudiwa. Chai ya saa nne ina thamani kuliko warsha. Nairobi walionja matunda yake: Shirika la Kazi Duniani lilipotuma ujumbe wake Kenya mwaka 1972, ule ulioingiza sekta isiyo rasmi kwenye msamiati wa dunia, tafiti za Taasisi ya Taaluma za Maendeleo zilikuwa sehemu ya msingi wake. Fundi wa jua kali alikuwepo siku zote. Alionekana pale watu wa fani tofauti walipokubali kwamba mtu asiye na mkataba wa ajira si lazima awe hana kazi.

Inapofanya kazi vibaya, taasisi ni korido ndefu ya milango iliyofungwa, kila mmoja ndani anaandika ripoti ya ushauri kwa mfadhili wake. Mahmood Mamdani, aliyeiongoza MISR kuanzia 2010, alilipigia kelele jambo hili mwaka 2011: kwamba utamaduni wa ushauri wa kulipwa unawageuza wasomi kuwa watu wa kujibu maswali ya wengine, wakasahau kuuliza ya kwao. Mwaka uliofuata MISR ikaanzisha shahada ya uzamivu yake, yenye masomo ya darasani ya kuvuka taaluma kabla mtu hajaenda uwandani. Unaweza usikubaliane na kila alichofanya, lakini uchunguzi wa ugonjwa ulikuwa sahihi. Nimeona taasisi ambapo watu wanane wa taaluma nane walikuwa wanakutana kwenye msiba tu.

*Jina lako.* Hapa pana mtego, na vijana huambiwa wakiwa wamechelewa. Makala ya usawa huwa na majina sita, saba. Kamati ya kupandisha vyeo itakuuliza mchango wako ni upi, na kwa nini mchumi amechapisha kwenye jarida la afya. Jibu lipo, ila uliandae mapema: weka kumbukumbu ya ulichoandika wewe, na kila miaka miwili toa makala moja iliyo yako peke yako.

*Mrejesho.* Taasisi ina milango miwili mizuri, darasa na wizara. Mwanafunzi uliyemfundisha mwaka huu atakuwa ofisa wa maji wa wilaya miaka michache baadaye. Kijiji, hapa pia, kinasubiri.

Inamfaa mtu mwenye subira, anayeweza kusikiliza fani ngeni bila kukoroma, na anayetaka swali lake liishi zaidi ya mkataba mmoja.

Shirika huru la utafiti

Kwa Tanzania majina yanayotajwa haraka ni ESRF ya 1993 na REPOA ya 1994 kwa upande wa uchumi na umaskini, na Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi na leo ni ya Kitanzania. Nairobi kuna APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, kilichojitegemea mwaka 2001.

*Swali* mara nyingi limekuja likiwa limeshaandikwa. Lipo kwenye hadidu za rejea, lina tarehe ya mwisho na viashiria. Usidhani hilo ni baya siku zote. Wapo watafiti wakuu wanaojua kuliingiza swali lao ndani ya swali la mfadhili kama mtu anayeficha dawa ndani ya ugali. Lakini mdogo wa cheo hupewa swali kama lilivyo.

*Fedha na muda.* Mshahara ni mzuri kuliko chuoni na unakuja tarehe iliyosemwa. Mkataba ni wa mwaka, miwili, mitatu. Mradi ukiisha, nawe unaanza kutazama milango. Hapo hapo kuna jambo linaloonekana kama kinyume: baadhi ya mashirika haya yana data ndefu kuliko vyuo vingi, kwa sababu yamejenga maeneo ya ufuatiliaji ambapo kila kaya inatembelewa mara kwa mara, kila anayezaliwa, anayehama na anayekufa akiandikwa. APHRC wamefanya hivyo Korogocho na Viwandani, vitongoji duni vya Nairobi. Na sababu ya kufanya hivyo inaeleza utafiti wa usawa ni nini kuliko somo zima la darasani. Uchunguzi wao wa mwaka 2000 katika vitongoji duni vya jiji ulionyesha vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano ni 151 kwa kila 1,000, wakati vijijini Kenya vilikuwa 113. Wastani wa Nairobi nzima ulikuwa 62. Yaani ukisoma wastani, mjini ni salama. Ukishuka mtaani, mtoto wa Korogocho alikuwa hatarini kuliko mtoto wa kijijini ambaye hana hospitali karibu. Wastani ulikuwa umemfunika kwa watoto wa Karen na Lavington, mitaa ya wenye nazo.

Ifakara nao waliwahi kuonyesha jambo la jinsi hiyo. Katika utafiti uliochapishwa 2003 kutoka Kilombero, Ulanga, Rufiji na Morogoro Vijijini, wilaya ambazo mgeni angesema wote ni maskini tu, watoto wa kaya maskini zaidi walikuwa na nafasi ndogo ya kupata matibabu stahiki kuliko wa kaya zilizowazidi kidogo. Kuna maskini na kuna maskini.

*Wenzako.* Utakuta mtakwimu, muuguzi, msimamizi wa data, wakati mwingine mchumi wa afya, wote ghorofa moja. Kazi inakwenda kwa kasi na kwa nidhamu ambayo chuo kinaiota tu. Tatizo ni mpangilio wa viti. Mtakwimu ameitwa siku ya kwanza, mtu wa sosholojia ameitwa mwezi wa nane, akaambiwa aongeze "sauti za wananchi" kwenye ripoti. Hiyo ni taaluma nyingi kwenye orodha ya mishahara, na moja kwenye fikra.

Niseme hili la orodha ya mali, kwa sababu utaishi nalo. Kupima hali ya kaya tunauliza: mna redio? Baiskeli? Kuku? Sakafu ni ya nini, paa ni la nini? Majibu yanachanganywa na kupewa uzito, kaya zinapangwa mafungu matano, kuanzia duni hadi ya nafuu. Nilimhoji bibi mmoja mwenye paa la bati, sakafu ya saruji, redio na simu. Kishikwambi kilimpa fungu la nne. Bati lilipigwa na mwanawe aliyekuwa Dar na ambaye sasa ni marehemu. Redio haikuwa na betri. Alinikaribisha uji saa tisa alasiri, na ilikuwa dhahiri kwamba ndio mlo wa siku. Nilimwambia msimamizi. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwenye sampuli ya maelfu bibi mmoja hapotoshi kitu. Kitakwimu alikuwa sahihi, na mpaka leo sijui nimjibu nini.

*Jina lako.* Machapisho yanatoka haraka na kwenye majarida makubwa, ila utakuwa jina la katikati kwa muda mrefu. Kwa anayetaka nafasi ya uzamivu ng'ambo, hii ni njia fupi, kwani watafiti wakuu wanajuana na barua zao zinasomwa.

*Mrejesho.* Kwa wizara na wafadhili, ni bora kuliko nyumba zote: muhtasari wa kurasa nne, kikao, picha. Kwa waliohojiwa ni suala la bajeti, na bajeti ya mrejesho ndiyo ya kwanza kukatwa. Mradi mmoja niliofanyia kazi, ambao sitautaja, uliahidi kijiji kwamba tungerudi. Ripoti ilitoka kwa Kiingereza, ina jalada zuri lenye picha ya kisima chao.

Inamfaa anayetaka kujifunza ufundi wa data kwa ukali, mwenye majukumu ya familia yanayotaka mshahara wa uhakika leo, na asiyeogopa kuhama.

Utafiti raghbishi

Neno lenyewe limezoeleka kwetu kupitia TGNP, mtandao wa jinsia ulioanzishwa 1993, wenye makao Mabibo, Dar es Salaam, ambako semina za wazi za Jumatano zimewakutanisha maprofesa na mama ntilie kwenye viti vilevile vya plastiki. Uraghbishi maana yake ni kuwaamsha watu waichunguze hali yao wenyewe, mtafiti akiwa mchokozi wa mjadala kuliko mkusanyaji wa majibu.

Msidhani nyumba hii haina damu ya chuo. Marjorie Mbilinyi, miongoni mwa waasisi wa TGNP, alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kabla ya hapo, miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland alikuwa BRALUP akijaribu utafiti shirikishi, kisha ukaja mradi wa Jipemoyo Bagamoyo, ambapo watafiti waliishi na wanakijiji na kuwafanya washirika. Raghbishi ni mtoto aliyehama nyumbani kwao taasisi, akajenga ng'ambo ya barabara.

Swali hapa ni la wananchi, na usikubali tu kwa mdomo, maana litakuuma. Utakwenda na swali la maji, wao watataka kuzungumzia mwenyekiti wa kamati ya maji. Fedha ni za msimu na ni kidogo. Muda ni wa ajabu: wiki tatu hakuna kinachotokea, kisha siku moja kila kitu.

Hiyo siku moja ikoje? Niliiona mara moja, nikiwa mgeni. Wanawake na wanaume walikaa makundi mawili, wakapewa punje za mahindi 24 kila kundi, saa za siku nzima, wazigawe kwa kazi wanazofanya. Wanaume walirundika vizuri: shamba, mapumziko, kikao, kulala. Wanawake walimaliza punje kabla hawajafika kulala. Mama mmoja akaomba aongezewe. Mwezeshaji akamwambia siku ina saa 24 tu. Kimya kikatanda, halafu mzee mmoja upande wa pili akasema, kwa sauti ya chini, "Basi na sisi tubebe maji." Sisemi alibeba. Ninachosema ni kwamba dodoso langu la kurasa 18 halikuwahi kumfanya mtu yeyote aseme hivyo.

Wenzako wa taaluma nyingine wapo, lakini hawaji kama wataalamu. Daktari akija Jumatano atakatizwa kama mtu mwingine. Jina lako halikui sana, kwa kuwa ripoti huwa ya pamoja na wahariri wa majarida watauliza sampuli ilichaguliwaje. Na kuna sheria: mabadiliko ya mwaka 2018 katika Sheria ya Takwimu ya Tanzania yalifanya kupinga takwimu rasmi kuwa jambo la jinai. Yalilegezwa mwaka 2019, lakini anayetoka na namba zake mwenyewe ni vyema aijue sheria hiyo kabla ya mkutano na waandishi wa habari. Mrejesho ndio unaofanya nyumba hii iwepo. Matokeo hayarudi kijijini, yanaanzia hapo.

Inamfaa mwenye ngozi ngumu na sikio jepesi, ambaye hahitaji cheo cha chuo ndani ya miaka mitano ijayo.

Kwa hali yako

Kama una barua ya uhadhiri msaidizi na hujaanza uzamivu, ipokee, lakini uliza kama unaweza kuwa na kiti cha pili kwenye taasisi ya chuo hicho hicho. Wengi hawaulizi, na mara nyingine jibu ni ndiyo. Idara italinda cheo chako huku taasisi inakufundisha kugombana na wasio wa fani yako.

Kama unamsomesha mdogo wako na kodi ya nyumba inakaribia, nenda shirika huru bila aibu. Jiwekee tu ukomo. Miaka mitatu ya kuishi na data nzuri ni shule, lakini miaka kumi ya kujibu hadidu za rejea inaweza kukusahaulisha ulikuwa unataka kuuliza nini. Na ukiwa huko, dai mtu wa sayansi ya jamii aitwe wakati dodoso linaandikwa. Kama ni wewe, dai mapema zaidi.

Kama swali lako linahitaji muongo mzima, mfano ardhi inavyohama kutoka mikono ya wanawake baada ya hati za kimila kutolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, taasisi ya chuo ndiyo yenye kumbukumbu ya kulibeba. Kabla ya kusaini, nenda pale saa nne asubuhi siku ya kawaida, kaa kwenye korido. Ukisikia watu wa fani tofauti wanabishana juu ya kitu kimoja, ingia. Ukisikia vichapishi tu, fikiri tena.

Kama umeshakuwa mhadhiri na umechoka kuandika makala ambazo waliohojiwa hawatazisoma, huhitaji kuacha kazi. Nenda Jumatano moja Mabibo, au kwenye asasi ya aina hiyo iliyo karibu nawe. Kaa nyuma, usijitambulishe kwa cheo.

Na kama umepewa ofa na jibu linatakiwa Ijumaa, wapigie simu uwaulize mambo matatu: swali la utafiti liliandikwa na nani, jina la mdadisi linatokea wapi kwenye ripoti, na fedha za kurudi kijijini ziko mstari gani wa bajeti. La tatu ndilo litakalowachukua muda kulijibu.